Ushairi Kwenye Meza ya Sukari

Mwandishi akifariki dunia, sheria huanza kuhesabu miaka. Hesabu ikitimia, hakimiliki hukoma na kazi yake huwa ya watu wote: atakaye kuichapa huichapa, atakaye kuiweka kwenye intaneti huiweka, pasi na kuomba ruhusa. Wapenzi wa fasihi ni nadra kujiuliza: nani aliyeipanga hesabu hiyo, na aliipangia wapi?

Hapo awali waandishi wenyewe walikuwa na sauti. Chama chao cha kimataifa kilichoundwa Paris mwaka 1878, chini ya heshima ya Victor Hugo, ndicho kilichopigania Mkataba wa Berne wa 1886. Baadaye mkataba huo uliifanya miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi kuwa kiwango cha chini.

Mwaka 1994, mjini Marrakesh, shauri hili lilihamia sokoni. Mapatano yaliyounda Shirika la Biashara Duniani yaliambatana na mkataba wa TRIPS, ambao uliyachukua masharti makuu ya Berne, ukazihesabu hata programu za kompyuta kuwa kazi za fasihi. Lakini jambo moja halikuwekewa wajibu: haki ya mtunzi ya kutajwa jina na ya kazi yake kutopotoshwa. Kilichobebwa ni kile kinachouzika. Heshima iliachwa mlangoni.

Mnamo Desemba 1996, mjini Geneva, ilitiwa saini mikataba miwili iliyozitaka nchi zizuie uvunjaji wa kufuli za kidijitali, yaani vizuizi vinavyowekwa ndani ya vitabu, muziki na filamu ili visinakiliwe. Marekani ilitunga sheria yake kali mwaka 1998, kisha ikaanza kuyadai masharti ya namna hiyo katika mikataba yake ya biashara: na Jordan mwaka 2000, Singapore na Chile mwaka 2003, Australia na Morocco mwaka 2004.

Kisa cha Australia kina funzo. Nchi hiyo ilikwenda mezani ikitamani kuuza nyama na sukari. Nyama ya ng'ombe ilifunguliwa soko polepole, kwa miaka 18. Sukari ikaachwa nje kabisa. Hata hivyo Australia ilikubali kurefusha hakimiliki kutoka miaka 50 hadi 70, na kuzilinda zaidi kufuli za kidijitali. Kwa hiyo vitabu vya mtunzi aliyefariki mwaka 1954 viliwahi kuwa huru, bali vya aliyefariki mwaka 1955, ambavyo vingefuata Januari 2006, vilisubiri hadi Januari 2026. Kwa miaka ishirini mlango ulifungwa, na walioufunga walikuwa wakizungumzia ng'ombe.

Tena, kufuli lenyewe halijui kuhesabu miaka. Hakimiliki ikiisha, kitabu kilichofungwa hubaki kimefungwa, hata kama sheria imekwisha kukipa uhuru.

Je, haya yanatuhusu? Julai 2020, Kenya na Marekani zilianza mazungumzo ya mkataba wa biashara huria. Katika malengo iliyoyatangaza, Marekani ilitaka ulinzi wa miliki ubunifu unaofanana na ule wa sheria zake, ambako miaka ni 70. Ya Kenya ni 50. Mazungumzo hayo hayakuzaa mkataba huo, lakini dai lilikwisha kuwekwa mezani.

Tuchukue kipimo tukijuacho. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kwa hesabu ya miaka 50, kazi zake zimekuwa huru tangu mwanzo wa 2013; kwa hesabu ya miaka 70, zingengoja hadi mwanzo wa 2033. Kati ya tarehe hizo mbili kuna kizazi kizima cha wanafunzi wanaosoma kwa simu.

Sisemi mtunzi asile jasho lake, wala wanawe wasirithi. Haki hiyo ni ya kweli, na yastahili kujadiliwa bungeni, mbele ya watunzi na wasomaji, si kutolewa kama nyongeza ya kukamilisha biashara nyingine. Wahenga walituasa tusisafirie nyota ya mwenzetu. Tukizikuta nchi zetu mezani tena, tuulize mapema: pamoja na chai na maua, ni kitu gani kingine kimewekwa kwenye mizani?