Ushirikiano wa viongozi wa elimu maalumu na elimu ya kawaida (Tanzania)

Ushirikiano wa viongozi wa elimu maalumu na elimu ya kawaida ni utaratibu wa wasimamizi wa pande hizo mbili kupanga, kugharimia na kusimamia kwa pamoja masomo ya wanafunzi wenye ulemavu. Tanzania Bara, upande wa elimu ya kawaida una mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mkuu wa shule ya sekondari, mwalimu wa taaluma, afisa elimu kata na maafisa elimu wa halmashauri. Upande wa elimu maalumu una afisa anayeshughulikia elimu hiyo katika halmashauri, mwalimu anayeongoza kitengo cha elimu maalumu shuleni, na wataalamu wa vituo vya upimaji. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa watu wenye ulemavu ni asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea. Kwa hiyo ni nadra kupata shule kubwa isiyo na mtoto mwenye ulemavu, awe amebainika au hajabainika.

Chimbuko

Elimu maalumu nchini ilianzia mikononi mwa makanisa. Kanisa la Anglikana lilifungua shule ya wasioona Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Kanisa Katoliki likafungua shule ya viziwi Tabora mwaka 1963. Zilikuwa shule za bweni, zenye walimu wao, wafadhili wao na taratibu zao. Mwalimu mkuu wa shule ya kijijini akiletewa mtoto asiyeona, alichoweza kufanya ni kuandika barua ili mtoto apelekwe mbali, na nafasi zilikuwa chache mno, hivyo wengi walibaki nyumbani. Shule hizo ziliwafungulia njia watoto ambao hakuna mwingine aliyewajali, na sifa hiyo zinastahili. Hata hivyo ziliacha mazoea ambayo hayajaisha mpaka leo: kwamba mtoto mwenye ulemavu ni wa mtaalamu, na shule ya kawaida haihusiki naye.

Baada ya Uhuru vilianza vitengo vya elimu maalumu ndani ya shule za kawaida. Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam ni miongoni mwa shule zinazofahamika zaidi kwa kupokea watoto wasioona, wenye ulemavu wa akili na wengine pamoja na wenzao wasio na ulemavu. Kitengo kilimleta mtoto kwenye uwanja uleule wa shule, bendera ileile na kengele ileile. Hakikumleta kila mara kwenye ratiba ileile. Zipo shule ambazo walimu wa kitengo wana chumba chao cha kupumzikia, rejista yao na hata mlango wao wa kuingilia, na mwalimu wa Hisabati wa darasa la tano hajui jina la mtoto hata mmoja aliye upande wa pili wa bustani.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliweka wajibu wa kila mtoto kuandikishwa shule bila kueleza kwa kina nani amfuate yule mwenye ulemavu. Msukumo mpya ulitoka Salamanca, Hispania, mwaka 1994, ambako wajumbe wa serikali 92 walikubaliana kwamba shule za kawaida zijipange kuwapokea watoto wote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 ukaifanya elimu jumuishi kuwa haki katika ibara yake ya 24. Tanzania iliridhia mkataba huo mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Mikakati ya Taifa ya Elimu Jumuishi imefuatana: wa 2009 hadi 2017, wa 2018 hadi 2021, na wa 2021/22 hadi 2025/26.

Nani anasimamia nini

Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia hutunga sera, husimamia mitaala kupitia Taasisi ya Elimu Tanzania na hukagua kupitia wathibiti ubora wa shule. Shule zenyewe, walimu wake na fedha zake ziko chini ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), kupitia halmashauri. Masuala ya ustawi wa jamii na matibabu yana njia zake. Mtoto mmoja mwenye uoni hafifu anaweza kuhitaji kitabu cha maandishi makubwa kutoka taasisi moja, miwani kutoka hospitali ya wilaya, na mwalimu aliyepangwa na mwajiri wa tatu. Hakuna ofisa hata mmoja mwenye mamlaka juu ya vyote hivyo. Anayeweza kuvikutanisha ni afisa wa elimu maalumu wa halmashauri akishirikiana na mwalimu mkuu, na hapo ndipo mzigo wa ushirikiano unapoangukia.

Tatizo la afisa huyo ni kwamba mara nyingi ana wajibu bila nguvu. Hapangi uhamisho wa walimu, hashiki fungu la fedha la shule, na gari la idara linapokwenda vijijini hulazimika kuomba nafasi. Maafisa elimu wa msingi na sekondari ndio wenye sauti kwenye vikao vya halmashauri. Pale ambapo maafisa hao humwalika mwenzao tangu mwanzo wa kupanga bajeti, mambo huenda. Pale anapoitwa mwishoni ili asaini, mahitaji ya watoto wake huandikwa kwenye safu ya mengineyo.

Mambo yanayofanya ushirikiano uonekane

La kwanza ni upimaji. Mtoto anayedhaniwa mtukutu au mzito wa kuelewa huenda hasikii vizuri, na mwalimu wa darasa ndiye wa kwanza kuliona hilo kwa sababu yuko naye kila siku. Mwalimu huyo anapaswa kujua ampeleke wapi, na kituo cha upimaji kinapaswa kurudisha majibu kwake kwa lugha anayoweza kuifanyia kazi darasani. Majibu yakiishia kwenye jalada la mzazi, upimaji haujamsaidia mtoto.

La pili ni ratiba, na ndilo lenye uzito kuliko yote kwa sababu haligharimu fedha. Mwalimu wa taaluma akipanga ratiba bila kumuuliza mwalimu wa kitengo, mkalimani wa lugha ya alama hujikuta anatakiwa madarasa mawili kwa wakati mmoja, na somo la nukta nundu huangukia saa ya Sayansi, kipindi ambacho mtoto asiyeona alikuwa ajumuike na wenzake. Wakipanga pamoja, mwalimu wa somo humpa mwalimu wa kitengo maandalio yake siku chache kabla ili yageuzwe kuwa nukta nundu, michoro ya kugusa au maandishi makubwa. Vikao vya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, vinavyoitwa MEWAKA, vinatoa nafasi nzuri kwa kazi hiyo kwa kuwa vinafanyika shuleni penyewe na kuwahusu walimu wote.

La tatu ni fedha. Tangu Januari 2016, elimu ya msingi hadi kidato cha nne ilipoanza kutolewa bila ada, shule zinapokea ruzuku ya uendeshaji kutoka Serikali Kuu. Kiwango kilichopangwa kwa shule za msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake hutumika kununulia vitabu. Hesabu hiyo ya kichwa kwa kichwa haitoshi kwa mtoto anayeandika kwa mashine ya nukta nundu, ambayo karatasi yake ni nzito na ghali, wala kwa mtoto mwenye shime sikio linalotaka betri mpya kila mara. Mpango wa maendeleo wa shule, unaopitishwa na kamati ya shule, ndio mahali pa kuyaandika mahitaji hayo. Mwalimu wa kitengo asipokaa kwenye kikao hicho, kamati itajenga choo chenye ngazi tatu mlangoni kwa nia njema kabisa, na mtoto wa kiti mwendo atashinda kutwa bila kunywa maji ili asihitaji kwenda chooni.

La nne ni mitihani. Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa karatasi za nukta nundu na za maandishi makubwa, na huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu muda wa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Haki hizo zinategemea taarifa zinazotumwa wakati wa usajili, na anayetuma ni mkuu wa shule. Asipopewa orodha sahihi na mwalimu wa elimu maalumu, mtahiniwa hukabidhiwa karatasi asiyoweza kuisoma, na mwaka mzima wa kazi unapotea asubuhi moja.

Mfano wa wanafunzi wenye ualbino

Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, mauaji na mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, yaliwalazimu viongozi kuwahamishia watoto kwenye vituo vyenye ulinzi. Kituo cha Buhangija mjini Shinyanga kilipokea watoto wengi kuliko nafasi zake. Uamuzi ulikuwa wa usalama, na haulaumiki, uhai hutangulia. Baadaye kazi ya kuwarudisha nyumbani na kwenye shule za karibu ikawa mtihani halisi wa ushirikiano huu.

Mtoto mwenye ualbino hahitaji shule ya peke yake. Anahitaji kukaa mbele karibu na ubao, mbali na dirisha lenye mwanga mkali, kupata kitabu cha maandishi makubwa au kikuzaji, kuvaa kofia na mikono mirefu hata kama sare ya shule haisemi hivyo, na kusamehewa mchakamchaka na kazi za bustani za jua kali. Vyote hivyo viko ndani ya uwezo wa mwalimu mkuu yeyote. Anachohitaji ni kuambiwa na mtu anayejua, kabla mtoto hajafika. Juu ya hayo kuna ulinzi wa njiani, unaomhitaji mwenyekiti wa kijiji na wazazi. Shule zilizoletewa maelezo hayo mapema ziliwapokea watoto vizuri. Zilizoletewa mtoto tu, bila maelezo, zilimwacha akilitazama jua na ubao asiouona.

Kutoka msingi kwenda sekondari

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10. Kwa mwanafunzi mwenye ulemavu, badiliko hilo linagusa daraja lililokuwa dhaifu kuliko yote. Vitengo vingi viko shule za msingi, ilhali sekondari zenye walimu na vifaa vya elimu maalumu, mfano Jangwani na Benjamin Mkapa za Dar es Salaam, ni chache na ziko mbali na wengi. Taarifa za mtoto, yaani aina ya ulemavu, njia anayosomea, vifaa alivyozoea, zinapaswa kumtangulia huko aendako. Kwa kawaida mtoto hufika na cheti chake tu, kisha shule mpya huanza kumchunguza upya huku muhula ukisonga.

Majirani

Kenya ilitangulia kwa kuanzisha vituo vya upimaji na rasilimali mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya mwaka 1986. Vituo vyao viko chini ya maafisa wa elimu wa maeneo, jambo lililoupa upimaji nafasi ndani ya utawala wa kawaida. Zanzibar ina kitengo cha elimu mjumuisho ndani ya Wizara yake ya elimu, na jumuiya za watu wenye ulemavu na za wazazi zimehusishwa kwa karibu. Marekani imekwenda mbali zaidi kisheria: sheria yao ya mwaka 1975, kama ilivyorekebishwa mwaka 1997, inataka mpango wa kila mwanafunzi mwenye ulemavu uandaliwe na timu yenye mzazi, mwalimu wa elimu maalumu, mwalimu wa darasa la kawaida pale mtoto anaposhiriki au anapotarajiwa kushiriki darasa hilo, na mwakilishi wa mamlaka ya elimu anayejua rasilimali zilizopo. Uzuri wa sharti hilo ni kwamba hakuna anayeweza kusema hakualikwa.

Mafunzo ya viongozi

Wakuu wa shule Tanzania hupata mafunzo ya uongozi Bagamoyo, kwenye Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM. Walimu wa elimu maalumu huandaliwa Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha. Ni vyuo viwili vyenye sifa, lakini mwalimu mkuu anaweza kuhitimu mafunzo yake bila kukaa darasa moja na mtaalamu wa elimu maalumu, na mtaalamu naye akahitimu bila kufundishwa namna bajeti ya shule inavyopangwa. Kukutana kwanza kazini, tena mtoto akiwa ameshafika, ni kuchelewa. Wiki chache za masomo ya pamoja, wakishika ratiba na mpango wa maendeleo wa shule moja ya kweli, zingefaa kuliko semina nyingi za uhamasishaji.

Kasoro nyingine ni uhamisho. Mwalimu aliyesomea elimu ya viziwi hupangiwa shule isiyo na kiziwi hata mmoja kwa sababu huko kuna upungufu wa walimu, na kitengo alichokiacha hubaki na watoto wasio na wa kuzungumza nao. Uamuzi wa aina hiyo hufanyika kwa nia ya kusawazisha idadi, lakini haupaswi kusainiwa kabla afisa wa elimu maalumu hajaulizwa.

Sheria Na. 9 ya 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki sawa ya elimu, na inataka asome shule ya kawaida isipokuwa pale mahitaji maalumu ya mawasiliano yanapolazimu vingine. Mzazi aliyeambiwa kwamba shule ya jirani haina uwezo wa kumpokea mwanawe asirudi nyumbani na jibu hilo. Aende kwa afisa elimu kata, kisha halmashauri, na huko aombe kuonana na afisa elimu na afisa wa elimu maalumu wakiwa pamoja.