UZI: Mashine ya taka iliyo ndani ya seli zako

1/ Mzee mmoja mwenye mieloma, yaani saratani ya seli za plazma, aliniuliza: "Sista, mimi nachomwa sindano ya saratani, hivi vidonge vya kuzuia mkanda wa jeshi ni vya nini? Sina hata upele." Kumbe alikuwa ameviacha. Kumjibu vizuri inabidi turudi nyuma kidogo. Twende.

2/ Miaka ya 1970 wengi walitaka kujua seli inatengenezaje protini. Inazibomoaje? Nani alijali takataka! Ila Avram Hershko na Aaron Ciechanover wa Haifa, Israel, pamoja na Irwin Rose wa Philadelphia, Marekani, wakagundua kwamba protini ya kutupwa hubandikwa alama kwanza, inaitwa ubikwitini. Mwaka 2004 wakapewa Nobel ya kemia.

3/ Na kinachosaga? Ni mashine yenye umbo la pipa: protini inaingia nzima, inatoka vipande. Mwaka 1988 Alfred Goldberg wa Harvard na wenzake wakaiita proteasomu.

4/ Sasa sikia utamu wake. Vipande vingine havitupwi, seli huvianika nje kwenye ukuta wake. Seli T za kinga zinapita zikikagua. Kipande cha kawaida, zinaendelea na safari. Kipande cha kirusi, seli hiyo inauawa. Mwaka 1994 watafiti waliifunga proteasomu kwa kemikali, na vipande vya kuanika vikapungua. Taka ndiyo taarifa!

5/ Goldberg alikuwa anatafuta dawa ya kuzuia misuli ya wagonjwa kuyeyuka. Ikaja kufaa kwingine. Seli za plazma ni viwanda vya kingamwili, zina taka nyingi mno. Zikiwa za saratani, ukifunga mashine taka inajaa, zinakufa. Mei 2003 Marekani ikaidhinisha bortezomibu kwa mieloma.

6/ Umeshaona jibu la mzee? Mashine tunayoifunga ndiyo hiyo hiyo kinga inayoitegemea. Kirusi cha tetekuwanga kilicholala mwilini tangu utotoni kinapata upenyo, kinaamka kama mkanda wa jeshi. Vidonge ndiyo mlinzi wa zamu.

7/ Kama wewe au ndugu yako anachomwa dawa hii, asiache vidonge alivyoandikiwa. Na miguu ikianza ganzi au kuwaka moto, usijikaze, tuambie mapema. Dozi inaweza kupunguzwa kabla mishipa ya fahamu haijaumia zaidi.

Mzee alirudia vidonge vyake. Mtumie mwenzio uzi huu.