Ngoma na Sikio la Mpigaji: Kutoka Ngoma za Wafalme hadi Vipaza Sauti vya Mbugangari

Wahenga walisema, "Sikio la kufa halisikii dawa." Sisi walimu tumezoea kuitumia methali hii kumwonya mwanafunzi mkaidi, wala hatufikiri sana kwamba sikio laweza kufa kweli. Makala haya yanakusudia kulitazama sikio lenyewe, hasa sikio la mwanamuziki, ambaye hulitegemea kuliko watu wengi na hulihatarisha kuliko watu wengi. Tutaanzia Rwanda ya zamani, tupite Kongo na Ulaya, kisha tufike Mbugangari, mtaa wa mji wa Gisenyi ulio jirani na Goma.

Ngoma na utawala

Katika Kinyarwanda neno "ingoma" lina maana mbili: ala ipigwayo, na ufalme. Maana hizi zinafuatana. Ngoma kuu iliyoitwa Kalinga ilikuwa alama ya dola ya Rwanda hata ufalme ulipoondolewa mwaka 1961. Ngoma za kupigwa kwa kawaida huwa saba au tisa pamoja. Ndogo kabisa, ishakwe, ndiyo iongozayo mwendo. Hufuata inyahura, na katika zile nzito imo igihumurizo. Kila mpigaji hutumia fimbo mbili ziitwazo imirishyo. Zamani wanawake hawakuruhusiwa kuzigusa ngoma hizi. Mwaka 2004, miaka kumi baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kikundi cha wanawake cha Ingoma Nshya kilianzishwa mjini Butare, nao wakazishika.

Msomaji atauliza: je, wazee hawakuumia masikio? Jibu linahitaji hadhari. Ngoma zao zilipigwa uwanjani, chini ya mbingu, pasipo kuta wala paa. Mahali pa wazi kama hapo, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli sita hivi. Kwa hiyo mtazamaji aliyesimama mbali alipata fahari ya ngoma bila kupata madhara yake. Aidha, kulikuwa na ala za upole: inanga yenye nyuzi, umuduri, iningiri na ikembe. Hizo zilihitaji msikilizaji atulie na kutega sikio. Lakini mpiga ngoma mwenyewe hakuwa na umbali wa kumkinga. Ngoma yake ilikuwa mbele yake, na za wenzake ubavuni pake, kulia na kushoto. Kama alipona, alipona kwa sababu ngoma zilikuwa na siku zake, na baada ya siku hizo sikio lilipumzika.

Tarumbeta, gitaa kavu na umeme

Mwishoni mwa karne ya 19 pwani yetu ilipokea ala za shaba za bendi za kijeshi. Kutoka Lamu na Mombasa ikazaliwa ngoma ya beni, ambayo historia yake iliandikwa na Terence Ranger katika kitabu kilichotoka mwaka 1975. Beni ilisafiri na askari na wapagazi mpaka bara. Hata hivyo, tarumbeta ilikuwa bado na mpaka wake, nao ni pumzi ya binadamu.

Kadhalika gitaa lilipoingia Kongo halikuja na kelele. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji uitwao leo Likasi, akiimba kwa Kiswahili na kupiga gitaa kavu, yaani lisilo na umeme. Mtu mmoja, gitaa moja, na kila uzi ulisikika peke yake.

Mapinduzi yalikuja na umeme. Katika miaka ya 1950 mji wa Léopoldville uliona kuundwa kwa African Jazz mwaka 1953 na O.K. Jazz mwaka 1956. Mtindo wao ukaenea Afrika Mashariki yote. Hatuna sababu ya kuulaumu, kwani umetupa raha isiyo kifani. Lakini tuseme ukweli: tangu siku hiyo mpaka wa pumzi na mkono uliondoka. Sauti ikawa kubwa kadiri mtu apendavyo kuzungusha kitufe, na haikuchoka hata wapigaji walipochoka.

Elimu ya sikio ilivyopatikana

Ajabu ni kwamba madhara haya yalijulikana mapema, ila kwa mafundi si kwa wanamuziki. Tabibu Mwitalia Bernardino Ramazzini alitoa kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi, na humo akawaeleza wafua shaba wa Venice, ambao masikio yao yaliharibika kwa milio ya nyundo. Mwaka 1851 Alfonso Corti alieleza sehemu ya ndani ya sikio ambayo hata leo yaitwa kwa jina lake. Humo, ndani ya mfereji uliojikunja kama konokono, mna seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000 kwa kila sikio. Seli hizo hugeuza mtikisiko kuwa habari ya kupelekwa kwenye ubongo. Zikifa, hazioti tena.

Mwaka 1886 daktari Thomas Barr wa Glasgow aliwapima mafundi 100 waliogongomea matangi ya chuma ya mvuke. Hakumkuta hata mmoja aliyesikia sawasawa. Hata hivyo ilichukua zaidi ya miaka mia moja kwa sheria kumtazama mwanamuziki kama mfanyakazi mwingine. Huko Uingereza kanuni za kelele kazini zilianza kuwahusu wanamuziki mwaka 2008. Mwaka 2012, katika mazoezi ya opera ya Wagner, mpiga viola Christopher Goldscheider aliketishwa mbele ya wapiga tarumbeta, akaumia masikio, na kazi yake ikakatika. Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 2018, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaithibitisha haki hiyo.

Hapa walimu wa lugha tuna jambo la kuongeza. Kelele huanza kuharibu usikivu wa sauti nyembamba. Sauti hizo ndizo zinazobeba konsonanti kama s, sh, f na th. Basi aliyeumia husikia irabu vizuri, lakini "fika," "shika" na "pika" humchanganya. Husema, "Nakusikia, ila sikuelewi." Watu humdhania kuwa hana makini, kumbe maneno yamemfikia yamekatwa vichwa.

Mbugangari

Sasa tufike Mbugangari. Mtaa huu una soko lake, na mpaka wa Kongo u karibu. Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Lingala hukutana hapa, na muziki wa pande zote mbili hukutana vilevile. Kiswahili kilikuwa lugha ya mtaa kama huu zamani, kabla Bunge la Rwanda halijakipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Kwaya, bendi za harusi na wapiga vinanda hupata riziki katika miji ya namna hii, mara nyingi ndani ya ukumbi wenye kuta za saruji na paa la bati. Ukumbi kama huo hauimezi sauti, bali huirudisha. Mpiga ngoma hukaza mkono, mpiga gitaa huongeza sauti ili asikike, mwimbaji naye huongeza yake, na wasikilizaji hupaza sauti ili wazungumze. Yalikuwa mashindano ya ala, yakawa mashindano ya vitufe.

Hesabu yake ni hii. Wataalamu wa afya ya kazi wa Marekani walipendekeza mwaka 1998 kwamba mtu asikae penye desibeli 85 kwa zaidi ya saa nane kwa siku. Kila zinapoongezeka desibeli tatu, nguvu ya sauti huwa maradufu, na muda wa usalama hukatwa nusu. Kwa hiyo penye desibeli 88 ni saa nne, penye 94 ni saa moja, na penye 100 ni dakika 15 tu. Bendi ya umeme ndani ya ukumbi hufika 100 bila taabu, nayo hupiga usiku kucha. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kanuni kwamba kumbi za muziki zisipite wastani wa desibeli 100. Nchini Rwanda, kuanzia Septemba 1, 2023, serikali iliweka saa za kufunga baa na kumbi za starehe, na kelele ilikuwa miongoni mwa sababu. Lakini saa ya kufunga humsaidia zaidi jirani aliyelala kuliko mpigaji aliyesimama mbele ya kipaza sauti.

Tufanye nini?

Kwanza, mwanamuziki ajue dalili. Masikio yakivuma baada ya kazi, au ikiwa hana budi kupiga kelele ili asikike na mtu aliye umbali wa mkono, amekwisha pita mpaka. Pili, avae vizibo. Pamba haitoshi. Tangu mwaka 1988 vimekuwapo vizibo maalumu vya wanamuziki ambavyo hupunguza sauti nene na nyembamba kwa kiasi kimoja, ili muziki usiharibike. Tatu, vipaza sauti viinuliwe na kuelekezwa kwa wasikilizaji, na mazoezi yafanywe kwa sauti ndogo. Nne, wapigaji wabadilishane nafasi na wapumzike nje ya ukumbi.

Walimu wenzangu, tunawafundisha vijana kuzienzi ngoma zetu, na hatutaacha. Lakini kikundi cha shule kinapofanya mazoezi ndani ya darasa lililofungwa, sisi ndio tuliowaweka humo. Tuwatoe uwanjani, walikosimama wazee wao. "Ngoma ivumayo haikawii kupasuka," tunawaambia kila mwaka. Ngoma iliyopasuka huwambwa upya kwa ngozi nyingine. Sikio la mpigaji halina ngozi ya akiba.