Shanga na Shanghai: Mighani ya Pwani mbele ya kamera

Hatujakubaliana bado kuhusu neno. Zile filamu za televisheni zinazosimulia historia na hadithi za kale, wapo wanaoziita filamu za hali halisi, wapo wanaoziita makala maalum, na vijana husema tu dokumentari, mambo yakaisha. Istilahi ya kwanza ndiyo iliyoenea vitabuni, na ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Filamu inapohusu visasili na mighani, hiyo hali halisi ni ya nani?

Mwanafunzi wa shule ya upili anajua kutenganisha kisasili, kinachoeleza asili ya kitu au jamii, na mighani, inayosimulia habari za shujaa kama Fumo Liongo au Lwanda Magere. Asichofundishwa ni kile kinachoipata mighani ikishatiwa kwenye runinga, ikawekewa ramani, muziki na sauti nzito ya msimulizi. Hebu tuchukue mfano wa nyumbani, kisiwa cha Pate katika kaunti ya Lamu.

Wazee wa Pate husimulia kwamba zamani jahazi la Wachina lilipanda mwamba karibu na Shanga. Walionusurika wakaogelea hadi pwani. Wenyeji wakawaambia: kuna chatu anatusumbua, muueni ndipo mkae nasi. Wakamuua, wakasilimu, wakaoa, na vizazi vyao wakahamia Siyu na kwingineko. Kisa kitamu. Yeyote aliyesoma fasihi simulizi atamtambua yule chatu mara moja, kwa sababu mgeni anayeua nyoka ndipo apewe mke yumo katika ngano za dunia nzima.

Kisa hiki kilisafiri mbali mwishoni mwa miaka ya 1990, waandishi wa nje walipofika Pate, na kikapata kasi mwaka wa 2005 China ilipoadhimisha miaka 600 tangu safari ya kwanza ya amirali Zheng He. Mwaka huo msichana mmoja wa Siyu alipewa ufadhili wa kwenda kusoma China kama mzawa wa mabaharia wale. Kamera zikafuata. Na katika filamu na vipindi kadhaa nilivyotazama, "huenda" ya mwanzoni hugeuka "ndivyo" kabla ya tangazo la kwanza la biashara.

Sasa, kuna mambo tunayoyajua. Zheng He aliongoza safari saba kati ya 1405 na 1433, na vyombo vyake vilifika Pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka wa 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa katika kasri la mfalme Yongle. Maafisa wa kasri walimwona wakasema huyu ni qilin, mnyama wa visasili vyao ambaye huonekana tu mtawala mwema anapotawala. Hapo ndipo ninapocheka kidogo. Mnyama wetu wa kawaida kabisa, anayekula majani ya mgunga, aliingia China akawa muujiza, na huku kwetu baharia wa Kichina akawa shujaa wa kuua chatu. Kila upande ulimpokea mgeni kwa kumtia ndani ya hadithi uliyokuwa nayo tayari.

Hoja inayorudiwa sana kuunga mkono kisa cha Pate ni ya kiisimu, kwa hiyo inatuhusu sisi wa ukumbi huu. Ati Shanga ni Shanghai. Nimeisikia mara nyingi mno. Neno Shanghai kwa Kichina lina maana ya "juu ya bahari". Shanga kwa Mswahili yeyote ni wingi wa ushanga. Sisemi kwamba jina la mji limetokana na shanga za shingoni. Nasema kwamba mtu anayetafuta asili ya jina la Kiswahili anapaswa kuanza na Kiswahili kabla ya kupanda meli. Kufanana kwa sauti peke yake hakuthibitishi kitu. Kwa mtindo huo tungeweza kudai kwamba Malindi imetokana na kulinda, au na chochote kingine tukitakacho.

Wanaakiolojia nao wana lao. Mark Horton alichimba Shanga katika miaka ya 1980 na kukuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa ukiwa wa miti, wa karne ya 8. Mji huo ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Fanya hesabu. Zheng He alipoanza safari zake, Shanga ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 600 na ilikuwa inakaribia kufa. Mabaharia wake hawangeweza kuupa mji huo jina.

Je, basi kisa chote ni porojo? La. Vigae vya kauri za China vimejaa katika magofu ya Pwani. Sarafu za enzi ya Yongle zimepatikana Mambrui mwaka wa 2010 na kisiwani Manda mwaka wa 2013. Lakini sarafu husafiri mkono hadi mkono, na iliyopatikana Manda haituambii ililetwa na nani. Hadi sasa hakuna mabaki ya meli yaliyothibitishwa kuwa ya msafara wa Zheng He.

Linaloniudhi zaidi ni tafsiri. Mzee wa Siyu anaposimulia, lugha yake imejaa tahadhari: yasemekana, wazee wetu walitwambia, Mungu ndiye ajuaye. Hizo si kelele za mdomo. Ni namna ya msimulizi kumweleza msikilizaji kwamba habari hii ameipokea, hakuishuhudia. Ukitazama manukuu ya Kiingereza chini ya skrini, aghalabu yasemekana imekatwa ili sentensi itoshe, na Mungu ndiye ajuaye imebaki chumba cha kuhariria. Mzee alisema mighani. Mtazamaji wa London au Beijing akapokea ushahidi. Kisha msomi akija kuipinga filamu, mzee ndiye anayeonekana mwongo, ilhali hakudanganya.

Mambo huenda kinyume pia. Mwaka wa 1999 Henry Louis Gates wa Chuo Kikuu cha Harvard alitoa mfululizo wa sehemu sita, Wonders of the African World. Alipofika Pwani yetu aliwauliza watu kuhusu asili yao, na akashangazwa na waliojinasibisha na Uajemi na Uarabuni. Kwake hilo lilikuwa jambo la watu weusi kujikana. Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, ambaye mwaka wa 1986 alikuwa ameonyesha mfululizo wake wa sehemu tisa, The Africans: A Triple Heritage, aliukosoa vikali.

Nilikuwa nikimwona Mazrui kama mtu anayetetea nyumba yake, jambo ambalo si dhambi. Lakini Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 waliozikwa kati ya 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya Pwani. Mkenya Chapurukha Kusimba alikuwa miongoni mwa watafiti wakuu. Katika wengi wa watu hao wa Pwani, zaidi ya nusu ya nasaba ilikuwa ya Kiafrika, hasa kupitia kwa akina mama. Kwa upande wa Asia, asilimia 80 hadi 90 ilitoka kwa wanaume wa Uajemi, na kuchanganyika kulianza kufikia mwaka wa 1000 hivi. Nasaba ya Kiarabu iliongezeka baada ya 1500. Kwa hiyo masimulizi ya Washirazi, yaliyoandikwa katika tarehe ya Kilwa na ambayo kamera iliyatilia shaka, yalikuwa na kiini cha kweli, japo mama Mwafrika alisahauliwa katika kuyasimulia. Mighani iliyoshukiwa imepata ushahidi makaburini. Ile iliyokumbatiwa bado inangoja meli yake.

Kwa nini moja ikumbatiwe na nyingine ishukiwe? Sidhani sababu ni ya kitaaluma. Kampuni ya Kichina ndiyo iliyojenga gati za bandari mpya ya Lamu, na undugu wa miaka 600 ni maneno mazuri ya kusema kwenye hafla. Huyo msichana wa Siyu alipata elimu, na mimi siwezi kumlaumu mzazi yeyote wa Pate anayetaka mwanawe apate nafasi kama hiyo. Ila bei yake ni kwamba kijana wa kisiwa hicho hujifunza kwamba mji wa mababu zake una maana pale tu unapoguswa na mgeni.

Na Shanga ina habari zake. Zimo katika Habari za Pate, tarehe iliyosimuliwa kwa Kiswahili na Bwana Kitini na kuchapishwa mapema katika karne ya 20. Humo tunasoma jinsi Pate ilivyopigana na miji jirani, Shanga ikiwemo, na kuitiisha. Kuna vita, kuna hila, kuna mji unaoanguka na watu wanaotawanyika. Wataalamu wanabishana kuhusu miaka yake, na wana haki. Lakini ni simulizi kamili, kwa lugha yetu, yenye kila kitu ambacho mtengenezaji filamu angetamani, na katika vipindi vyote nilivyotazama kuhusu kisiwa hicho sijaona hata kimoja kilichoifungua.