Khazina za Vitabu za Marw na Msomaji Wake

Mji wa Marw, ambao magofu yake leo yamo katika nchi ya Turkmenistan, ulikuwa zamani miongoni mwa miji mikubwa ya Khurasan. Habari za vitabu vyake zimetufikia kwa kalamu ya mgeni, tena mtu aliyepata kuwa mtumwa.

Yaqut bin Abdallah al-Hamawi alizaliwa yapata mwaka 1179 katika nchi ya Warumi. Alitekwa angali mtoto, akauzwa Baghdad kwa tajiri mmoja aitwaye Askar. Tajiri huyo hakujua kuandika vema, basi akamtia mtoto chuoni ili apate wa kumshikia hesabu zake, kisha akamtuma kwa biashara hata Omani. Alipoachwa huru, Yaqut alipata riziki yake kwa kunakili vitabu kwa ujira, na kila alichokinakili alikisoma.

Baadaye alifika Marw, akakaa miaka mitatu. Alikuta khazina kumi za vitabu vya wakfu. Mbili zilikuwamo msikitini, na moja katika hizo, Aziziya, ilikuwa na vitabu vipatavyo 12,000. Aliyeiweka wakfu, Azizuddin wa Zanjan, hapo kwanza alikuwa akiuza matunda katika soko la Marw, kabla ya kupata cheo kwa Sultani Sanjar. Nyingine zilikuwa katika madrasa, kama ile ya waziri Nizamul-Mulk, na nyingine kwa masufi.

Walinzi wa khazina hizo hawakuwa wachoyo. Yaqut alikuwa akichukua vitabu akaenda navyo nyumbani kwake, na hazikukosekana humo juzuu 200 kwa wakati mmoja, zenye thamani ya dinari 200. Na nyingi alipewa bila ya rehani. Naye hakuwa na ukoo mjini humo wa kumdhamini! Mapenzi ya vitabu yalimsahaulisha kila nchi, hata ahali zake. Mengi aliyoyatia katika kitabu chake kikubwa, Mu'jam al-Buldan, kinachopanga majina ya miji na nchi kwa herufi, aliyapata katika khazina hizo.

Mwaka 1219, Watatari walipokaribia, akaondoka. Ameandika kwamba lau si wao asingaliuacha mji ule mpaka kufa kwake. Alifika Mosul hali yake ni dhiki tupu. Mwaka 1221 jeshi la Wamongoli likaingia Marw, likaua watu wasiohesabika na kuuharibu mji pamoja na khazina zake.

Al-Qifti, waziri wa Halab, naye mpenda vitabu kupita kiasi, akampokea. Huko Halab Yaqut alifariki mwaka 1229, Mwenyezi Mungu amrehemu, akiwa bado anakitengeneza kitabu chake. Ndani yake imo Mombasa, na Kilwa, na Unguja aliyoiita Lanjuya, ambayo watu wake, asema, walihamia kisiwa cha Tumbatu, na wenyeji wa Tumbatu ni Waislamu.