Mchuzi wa Kuku na Historia ya Pwani

Historia ya Pwani hutafutwa katika magofu, katika makaburi na katika tarehe za wafalme wa Kilwa na Pate. Ni wachache waitafutao jikoni. Hata hivyo mchuzi wa kuku, chakula cha kawaida katika nyumba za Waswahili, una ushahidi ambao tarehe hizo hazina.

Upishi wake ni mwepesi. Kuku hukatwa vipande, akachemshwa kwa kitunguu thomu, tangawizi na chumvi. Nazi hukunwa kwa mbuzi na kuchujwa kwa kifumbu. Tui zito huwekwa kando. Tui jepesi hutangulia chunguni pamoja na vitunguu, nyanya, bizari ya manjano na pilipili. Nyama iivapo, ndipo tui zito litiwapo, na mpishi hukoroga asiache, lisije likakatika. Mwisho hukamuliwa ndimu.

Huenda msomaji akadhani kwamba mchuzi wa namna hii ulikuja na Wahindi walioletwa kujenga reli ya Uganda, kati ya mwaka 1896 na 1901. Lakini Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kando yake paliwekwa pilipili iliyotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Kuku wenyewe ni wa kale zaidi: mifupa yao imefukuliwa Unguja Ukuu, bandari iliyofanya biashara ya ng'ambo tangu karne ya 7.

Wala mtu asidhani kwamba mchuzi tuulao leo ndio ule ule wa mwaka 1331. Nyanya na pilipili kali ni mimea ya Amerika, nayo haikuvuka bahari kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Vasco da Gama alipita Mombasa na Malindi mwaka 1498, akaendelea mpaka Bara Hindi. Baada yake merikebu za Wareno ziliziunganisha pwani za Amerika, Afrika na Asia. Hata Wahindi, wanaosifiwa kwa michuzi mikali, walipata pilipili hiyo kwa njia ya Wareno. Basi pilipili aliyoila Ibn Battuta, miaka 161 kabla ya Columbus, haikuwa hii itiwayo chunguni leo.

Mabadiliko hayo lugha imeyahifadhi. Mchuzi na kuku ni maneno ya Kibantu. Bizari na thomu yatoka Kiarabu. Dania na kotmiri yatoka lugha za Bara Hindi. Mbatata yatoka Kireno. La ajabu zaidi ni jina la pilipili. Asili yake ni Bara Hindi, na huko lilikuwa jina la pilipili ya kale. Leo, mtu atajapo pilipili tu, yafahamika ile ya Amerika; ile ya kale sharti iitwe pilipili manga. Vivyo hivyo tunda la Amerika ndilo liitwalo nyanya tu, na lile la Afrika huitwa nyanya chungu. Mgeni amelitwaa jina, na mwenyeji ameongezewa lakabu.

Ni nani waliofanya mageuzi hayo? Ni wapishi: wanawake wa majumbani, na katika nyumba za matajiri, watumwa. Hawakuandika, wala waandishi wa tarehe za wafalme hawakushughulika nao. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wapishi hao waliyapokea matunda mageni, wakayapa kazi ndani ya tui la nazi. Anayebishana kama mchuzi huu ni wetu au ni wa wageni aikumbuke kazi hiyo, maana kwayo mchuzi ulipata wenyewe.

Siku hizi nazi nyingi husagwa kwa mashine, na wako vijana wasiojua kifumbu ni nini. Chombo kiachwapo, jina lake hukifuata. Yafaa mwanafunzi wa historia aende Lamu, Pemba na Kilwa akakae na bibi wazee jikoni, ayaandike majina ya vyombo, ya viungo na ya hatua za upishi, maadamu wenye kuyajua wangalipo.