Mwenye Kuweza Njia

Huku pwani mtu akijuliwa hali naye akajibu "siwezi", aliyemuuliza hana haja ya kutaka kujua hawezi nini, kwani neno hilo likisimama peke yake maana yake ni maradhi. Na fakiri asiye na chakula cha kesho huambiwa hajiwezi. Siha na mali, basi, zimetiwa katika kitenzi kimoja, na mafakihi nao walifanya vivyo hivyo walipoifasiri istitaa, yaani ule uwezo ambao mtu akiwa nao hija humlazimu.

Kwa wanazuoni wa Kishafii, ambao ndio wanaofuatwa na Waswahili walio wengi, istitaa ni zadi ya kwenda na kurudi, na kipando, na amani ya njia, na baada ya hayo madeni yawe yamelipwa na ahali wameachiwa masurufu mpaka siku ya marejeo. Imamu Malik aliona kwamba awezaye kutembea na kujichumia riziki njiani amekwisha kuweza. Rai njema kwa watu wa bara, lakini mtu wa Lamu hatembei juu ya maji. Kwa upande wa bahari, Mashafii walihukumu kwamba safari ni wajibu iwapo salama ndiyo ya ghalibu, na wa kuijua salama hiyo alikuwa nahodha.

Naye nahodha alikuwa mtumwa wa pepo. Kusi, ivumayo tangu Aprili hadi Septemba, ndiyo iliyopeleka majahazi Arabuni, na kaskazi ya Desemba ikayarudisha. Ilhali Mfunguo Tatu, mwezi wa hija, hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, hata fedha iliyomtosha baba, ambaye hija yake ilisadifu upepo, ikaweza kumpungukia mwana aliyelazimika kukaa ugenini miezi akiungoja. Khabari za Kilwa zasimulia kwamba Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331, alipokwenda kuhiji ujanani mwake alikaa Adeni miaka miwili akisoma. Nami hudhani, Mungu anisamehe, kwamba upepo nao ulikuwa na sehemu yake katika elimu ile.

Kabla ya kupanda chombo, haji aliandika wasia, akawaita wanaomdai mmoja mmoja, kisha akapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, hata kwa jirani aliyekuwa hasemi naye kwa ajili ya mpaka wa shamba. Mlango huo ndio uliokuwa mzito kuubisha kuliko yote.

Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, na meli za moshi za kampuni ya British India zikaanza kufika Unguja mwaka 1872, upepo ukaondoka katika hesabu, na mahali pake pakaingia nauli, na baadaye karantini ya kisiwa cha Kamaran, na vyeti.

Kwa mzee asiyeweza kukaa juu ya kipando, lakini mwenye mali, sharia iliacha hija ya badali: humtuma mtu aliyekwisha kujihijia mwenyewe. Mjumbe huyo akirejea huingizwa moja kwa moja chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamnywesha maji ya Zamzam mgonjwa ambaye, mtu akimjulia hali, bado hujibu kwamba hawezi.